Tumemtibu, Kisha Tukamsahau: Mlango wa Kizazi na Mimba Inayofuata

Katika nchi yetu mwanamke anaweza kukatwa sehemu ya mlango wa kizazi mwezi Januari, akashika mimba kabla ya mwaka kwisha, akahudhuria kliniki mara mbili au tatu, akajifungua mtoto wa miezi sita asiyeweza kupumua, akamzika, na katika safari hiyo yote asikutane na mtu hata mmoja wa kumwuliza habari za ile siku ya Januari. Hili si fumbo la kitabibu, maana sayansi yake imejulikana kwa miaka mingi. Ni tatizo la utawala, na ndiyo sababu mimi, ambaye udaktari wangu si wa tiba, najipa ruhusa ya kuliandika.

Hoja yangu ni moja. Dola inayomhimiza mwanamke aje achunguzwe, kisha ikamkata kwa nia njema ya kumwokoa, ina wajibu wa kukumbuka ilichomfanyia, kumpa kumbukumbu hiyo kwa maandishi, na kumwuliza habari zake siku atakapokuja na mimba. Isipofanya hivyo, imetibu kiungo na kumsahau mwenye kiungo.

Naomba nieleweke mapema, maana katika jambo hili kutoeleweka kunaweza kuua. Sipingi uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hii ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa kila mwaka zaidi ya wanawake 10,000 nchini hugundulika nayo, na zaidi ya 6,000 hufariki. Wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road wakiwa wamechelewa hufika na maumivu ambayo hakuna hotuba inayoweza kuyaeleza. Tangu mwaka 2018 tunawachanja wasichana dhidi ya kirusi cha HPV. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zifikie malengo matatu ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe, asilimia 70 ya wanawake wapimwe, na asilimia 90 ya wanaokutwa na tatizo watibiwe. Nayaunga mkono malengo hayo yote. Mwanamke anayesoma makala haya na hajapimwa, akapime.

Lakini tuangalie lile lengo la tatu. Asilimia 90 watibiwe. Maana yake kadiri tutakavyofanikiwa kupima, ndivyo watakavyoongezeka wanawake waliotibiwa mlango wa kizazi. Walengwa wetu wakuu ni wenye umri wa miaka 30 hadi 50, na wale wanaoishi na virusi vya Ukimwi huanza kupimwa mapema zaidi, kwa kuwa hatari yao ya saratani hii ni takriban mara sita ya wengine. Na katika nchi ambayo mwanamke huzaa kwa wastani watoto 4.8, umri wa miaka 31 si umri wa kufunga uzazi. Wengi wanaolala kwenye kitanda cha matibabu leo watakaa kwenye benchi la kliniki ya wajawazito kesho.

Ni nini hasa kinachofanyika kwenye kitanda hicho? Zipo njia kadhaa. Mabadiliko yakiwa madogo, mhudumu huyagandisha kwa baridi kali au kuyaunguza kwa joto, mara nyingi siku ileile ya uchunguzi. Yakiwa makubwa, sehemu yenye ugonjwa hukatwa kwa kitanzi cha waya chenye umeme, njia ambayo wahudumu huiita LEEP, au hukatwa kwa kisu pande lenye umbo la koni. Njia hizi zote huokoa maisha. Hata hivyo zina tofauti kubwa katika kile zinachokiacha nyuma.

Mlango wa kizazi si tundu tupu. Ni msuli na nyuzi ngumu zenye urefu wa sentimita tatu hadi nne hivi, na wakati wa mimba kazi yake ni kubaki umefungwa kwa miezi tisa huku uzito ulio juu yake ukizidi kila wiki. Ndani yake mna tezi zinazotoa ute mzito unaoziba njia na kuzuia vijidudu kupanda. Ukipunguza urefu wake, umepunguza nguvu ya kuhimili uzito. Ukiondoa tezi, umepunguza ulinzi. Ndipo chupa huweza kupasuka kabla ya wakati, au mlango ukafunguka bila uchungu wowote katika mwezi wa tano au wa sita.

Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi ulioongozwa na Maria Kyrgiou, uliokusanya matokeo ya tafiti 71. Miongoni mwa wanawake waliotibiwa mlango wa kizazi, asilimia 10.7 walijifungua kabla ya wiki ya 37. Miongoni mwa wasiotibiwa, asilimia 5.4. Kina cha pande lililokatwa ndicho kilichokuwa kipimo cha hatari: waliokatwa sentimita mbili au zaidi, hatari yao ilikaribia mara tano. Waliotibiwa zaidi ya mara moja, hatari yao ilikaribia mara nne. Kugandisha na kuunguza kulihusishwa na hatari ndogo kuliko kukata kwa kisu. Na uchambuzi huohuo ulionyesha kuwa sehemu ya hatari hutokana na ugonjwa wenyewe, si tiba peke yake.

Tuzisome takwimu hizi kwa uadilifu. Zinasema kwamba karibu tisa kati ya kila kumi waliotibiwa walibeba mimba zao hadi wakati wake. Hakuna mwanamke anayepaswa kukimbia tiba kwa sababu hiyo. Lakini zinasema pia kwamba lipo kundi ambalo hatari yake tunaijua kabla mimba haijatungwa, tena tunaweza kuikadiria kwa milimita. Katika afya ya uzazi, ambako hatari nyingi hutuvamia usiku bila hodi, hii ni mojawapo ya chache zinazotuachia barua miaka miwili kabla. Sisi tumeichana barua.

Upo pia upande wa pili, usiosemwa sana. Mlango uliokatwa huweza kupona kwa kovu gumu na jembamba. Siku ya kujifungua uchungu huja kwa nguvu zote, kichwa cha mtoto hushuka, lakini mlango haufunguki, kwa sababu kovu limeukaza. Mkunga asiyejua historia ya mama huona tu mstari wa maendeleo ya uchungu ukisimama kwenye chati. Anayejua historia hutafuta kovu, na humwita daktari mapema. Mikono ni ileile na vifaa ni vilevile; kinachowatofautisha ni sentensi moja ya taarifa.

Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, mtumishi wa halmashauri, aliniruhusu nieleze yaliyompata bila kutaja jina wala mahali. Alipokuja kuomba kuahirisha masomo, kwenye fomu aliandika sababu: matatizo ya kifamilia. Alikuwa amepoteza mimba ya pili katika wiki ya 22, kama ilivyokuwa ya kwanza. Baada ya ile ya kwanza aliambiwa ni bahati mbaya, apumzike, ajaribu tena. Mama mkwe wake, kwa upendo na kwa hofu, alikuwa na maelezo yake mwenyewe, na yalimgharimu kijana wake mbuzi wawili na safari ya siku tatu. Baada ya mimba ya pili ndipo daktari mmoja alipomwuliza kama mlango wake wa kizazi uliwahi kufanyiwa chochote. Alikwenda nyumbani akapekua bahasha ya vyeti vyake vya shule, akapata nusu karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Ilikuwa na tarehe, sahihi, herufi nne za Kiingereza, na maneno "arudi baada ya mwaka mmoja". Alikuwa amerudi baada ya mwaka mmoja, kama alivyoagizwa. Aliambiwa amepona. Hakuna aliyemwambia kuwa kupona saratani isiyokuja bado na kubeba mimba ni mambo mawili yanayokutana mahali pamoja.

Tafakari, ndugu msomaji, jinsi lawama inavyogawanywa katika kisa hiki. Taarifa ilikuwa mikononi mwa taasisi; hatia ikamwangukia mwanamke. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa vizazi vingi methali hiyo imeelekezwa kwa mama mwenye haya ya kujieleza mbele ya mkunga. Huyu hakuficha kitu. Alivua nguo mbele ya wageni mara tatu kwa sababu taifa lilimwomba afanye hivyo. Aliyeficha ni mfumo, na hata haukuficha kwa hila. Ulificha kwa kutojali, ambako ni kugumu zaidi kukushtaki.

Mfumo wenyewe umekaaje? Uchunguzi wa saratani una chumba chake, rejesta yake na wahisani wake. Kliniki ya wajawazito ina chumba kingine, rejesta nyingine na wahisani wengine. Vyumba hivyo huweza kupakana ukuta kwa ukuta. Mwisho wa mwezi kila kimoja hupeleka idadi zake juu: waliopimwa wangapi, waliotibiwa wangapi, waliohudhuria wangapi. Idadi husafiri hadi Dodoma bila kukosea njia, lakini habari ya mwanamke haiwezi kuvuka ukuta. Kadi ya kliniki, ile ambayo kila mama wa Tanzania anaijua, huuliza kimo cha mama, huuliza kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji, huuliza kama aliharibikiwa na mimba. Swali la kama mlango wake wa kizazi uliwahi kukatwa linaachiwa kumbukumbu na ari ya mkunga mwenye foleni ya akina mama hamsini.

Najua majibu yanayotolewa, na naomba niyachukue moja baada ya jingine.

La kwanza: tukiwaambia, watakimbia uchunguzi. Hili ndilo jibu linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa limevaa kanzu ya huruma. Linamchukulia mwanamke kama mtoto anayepewa dawa chungu ndani ya uji. Ukweli ni kwamba habari hizi zitamfikia tu. Zitamfikia sokoni, saluni, kwenye makundi ya simu, zikiwa zimenona uongo: "ukipimwa huzai tena". Uvumi huo hauzimwi kwa ukimya. Huzimwa na mhudumu anayeweza kusema: tulichokufanyia ni hiki, hatari yake ni kadiri hii, wengi huzaa salama, na ukishika mimba tutafanya hivi kukulinda. Mwanamke aliyeambiwa hivyo atamleta dada yake. Aliyefichwa na kisha akazika, atawazuia hata majirani.

La pili: sisi ni nchi maskini, hayo ni mambo ya Uingereza. Ni kweli kwamba mwongozo wa huko unawaweka wanawake waliokatwa zaidi ya sentimita moja katika kundi la kufuatiliwa, wakapimwa urefu wa mlango wa kizazi kwa altrasaundi ya ukeni. Lakini tiba zenyewe si anasa. Mshono wa mlango wa kizazi ulielezwa na Shirodkar wa Mumbai mwaka 1955, na McDonald wa Australia akaurahisisha mwaka 1957 hadi ukafanana na kukaza mdomo wa mfuko kwa kamba. Ni uzi, sindano na mikono iliyofundishwa. Si kila aliyekatwa anahitaji kushonwa, wengi hawahitaji. Kinachoamua ni kupima. Mlango ukionekana kuwa mfupi, milimita 25 au chini yake kabla ya wiki ya 24, kuna projesteroni ya kuweka ukeni, na kwa baadhi yao kuna mshono. Na aliyeshonwa naye anahitaji kumbukumbu, kwa sababu mshono unapaswa kutolewa karibu na wiki ya 37. Uchungu ukimkuta katika zahanati ambako hakuna anayejua kuwa ameshonwa, uzi uliomlinda utamchana.

Na hata pale ambapo mimba haiwezi kuzuiwa isitoke mapema, kujua kunabaki kuwa na thamani. Mama anayejulikana kuwa hatarini hupangiwa kujifungulia mahali penye daktari na wodi ya watoto wachanga. Hupewa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Mtoto hulazwa kifuani kwa njia ya kangaruu, ambayo watafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, walionyesha mwaka 2021 kuwa ikianza mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa robo. Mfumo wa m-mama, kwa namba 115, umesaidia kumkimbiza mama aliye katika dharura. Jambo jema. Lakini gari, hata likiwa la haraka kiasi gani, hufuata dharura nyuma, taarifa huitangulia.

La tatu: hao ni wachache. Huenda ni wachache leo. Sera yetu wenyewe inakusudia wawe wengi. Sidai kwamba upasuaji huu unaeleza vifo vyote vya watoto wetu wachanga, wala sehemu kubwa yake. Nadai kwamba ni sehemu tunayoijua kabla. Tazama takwimu zetu. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini katika kipindi hichohicho vifo vya watoto wasiofikisha mwezi mmoja vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 hadi 24. Tulipiga hatua ndefu kwa mama na tukasimama palepale kwa mtoto. Kuzaliwa kabla ya wakati ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge lilirekebisha sheria za kazi ili mama wa mtoto njiti apate likizo ndefu zaidi. Ni sheria ya utu. Ila inaanza kufanya kazi baada ya mtoto kuzaliwa njiti. Kwa yule ambaye njiti wake ungeweza kuzuilika, tunapaswa kuanza kufikiri mapema zaidi.

Sasa madai, kwa sababu makala ya lawama bila madai ni soga.

Kwanza, kila mwanamke anayetibiwa mlango wa kizazi apewe karatasi rasmi ya Kiswahili, si nusu ya daftari. Iandikwe tarehe, njia iliyotumika, kina cha pande lililokatwa kwa milimita na majibu ya maabara. Chini yake iwe sentensi moja: ukishika mimba, ionyeshe karatasi hii mapema, ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Na kabla ya kukatwa aelezwe hayo kwa mdomo, aulize, aridhie. Mwenye kukata naye ajue kuwa mbele yake ana mtu anayeweza kutaka mtoto: aondoe ugonjwa wote, wala asiongeze milimita isiyohitajika.

Pili, swali liwekwe kwenye kadi ya kliniki, kwa maandishi, hudhurio la kwanza: je, mlango wako wa kizazi umewahi kukatwa, kugandishwa au kuunguzwa? Kwa aliyekatwa, jibu la ndiyo liwe na njia yake: rufaa, na kipimo cha urefu wa mlango kabla ya wiki ya 24.

Tatu, kila hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na altrasaundi ya ukeni na mtu aliyefundishwa kuitumia kwa kazi hiyo.

Nne, taarifa hizi zilindwe. Kadi ya kliniki husomwa na mume, mama mkwe na mpangaji mwenzake, na wengi waliotibiwa ni wanawake wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kumbukumbu ya mlango wa kizazi isiwe tangazo la jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake zinazoshikiliwa na wengine. Mwenye taarifa hizi ni mwanamke mwenyewe. Kituo ni mtunzaji tu.

Kwenu wanafunzi wa tiba, uuguzi na ukunga: swali hilo halihitaji waraka wa wizara ili mlianze. Liulizeni wiki hii, katika wodi mnazofanyia mazoezi. Kwenu wanaharakati: mnapowahamasisha wanawake wakapime, wafundisheni pia kudai karatasi kabla hawajashuka kitandani. Kwenu watumishi wa umma, mnaoketi katika vikao vya kupitia nyaraka za afya: kadi hupitiwa upya na kuchapwa upya. Mstari mmoja hauongezi kurasa wala gharama ya maana. Yule mwanafunzi wangu amerudi darasani muhula huu, ana mimba ya wiki ya 15, na safari hii mkunga wake anajua. Anajua kwa sababu yeye mwenyewe alimwambia. Wako wengine kwenye benchi hilohilo ambao hawajui kuwa wana la kusema.